Siku Nne za Kugonga Mawe, Kutoka Mjini hadi Chini ya Ukingo

Mmeniuliza kwa zamu, kila mmoja na lake. Rashidi anataka kujua kama ni kweli niliingia kisimani. Jirani yangu wa ofisini anataka kujua ilikokwenda suruali yangu ya kijivu. Mke wangu hataki kujua chochote, ila amesema niandike, ili watu waache kuja kuuliza nyumbani wakati wa chakula. Basi naandika mara moja, kwa wote.

Kwa wale mtakaosomewa na msionijua: mimi ni Shabani, nafundisha jiografia sekondari hapa Singida mjini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila mwaka nimechora Bonde la Ufa ubaoni kwa chaki za rangi mbili. Mwanafunzi mmoja tu aliwahi kuniuliza kama nimewahi kufika ukingoni kwake. Nilimwambia akae chini.

Likizo fupi ya kiangazi hiki, mwenzangu Kiula, anayefundisha baiolojia, alikuja na habari za Mama Ntandu. Huyu ni mama mstaafu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alifanya kazi miaka mingi na wachimbaji wa visima virefu, akisoma mawe yanayotoka ardhini. Siku hizi huwachukua watu wazima wawili watatu na kuwatembeza mkoani, awafundishe miamba, udongo na miti. Mambo ya kujiandikisha na vibali nayaruka, hayana utamu.

Mjini hadi nyuma ya nyumba ya baba

Nilifika asubuhi nikiwa na begi la mgongoni, kofia, na chupa ya chai. Mama Ntandu akatupeleka moja kwa moja kwenye yale mawe makubwa yaliyo nyuma ya nyumba ya marehemu baba yangu, hatua mia mbili kutoka chumba nilichozaliwa. Mama yangu mzazi alikuwa akianika nguo juu yake. Jirani alitoka akaniuliza naenda wapi na mzigo ule. Nikamwambia niko safarini. Aliangalia nilipofikia, akarudi ndani.

"Hili jiwe gani?" Mama Ntandu akauliza.

"Granaiti."

"Umejuaje?"

"Imo kwenye kitabu."

"Kitabu kiko wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Basi tutazame jiwe, maana ndilo lililopo."

Akanipa kioo cha kukuzia. Nikaona chembe kama vioo vichafu, nyingine za rangi ya waridi, na vipande vyeusi vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Majina yao nimeyaandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Sura zao ndiyo kwanza nazikuta.

Kisha akatufundisha kugonga. Jua la mchana linalitanua jiwe, baridi ya usiku inalikaza, na miaka mingi ikipita, jiwe linaachia ngozi yake ya nje, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Kwa macho huwezi kujua tabaka gani bado limeshika na lipi limeshaachia. Unajua kwa sikio. Jiwe zima likigongwa linalia kwa ukali, nyundo inarudi mkononi. Jiwe lililoachia linatoa sauti ya mlango wa chumba kisicho na vitu.

Tulitakiwa kufumba macho, yeye agonge, sisi tuseme zima au limeachia, mpaka mtu apatie mara ishirini mfululizo. Kiula anaimba kwaya kanisani, alimaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilikosea ya kumi na nane, nikaanza upya, nikakosea ya kumi na tisa. Safari iliyokuwa ianze saa mbili ilianza saa saba mchana, na ilichelewa kwa sababu yangu. Hilo Kiula alilisema njia nzima.

Kwenda Ilongero

Tulichukua bodaboda tatu. Anayetaka kufika Ilongero asiende na Mama Ntandu. Kila barabara ilipokatwa kwenye kilima alimpiga dereva wake bega, tukasimama wote, akashuka akakwaruza ukuta wa udongo kwa kisu. Mashamba pande zote yalikuwa makavu, mabua ya alizeti yamebaki wima bila vichwa.

"Juu mwekundu," alisema, "katikati kichanga, chini mweusi. Mvua inaosha mwinuko, inashusha kila kitu hadi bondeni. Maji yanayokosa pa kutokea yanakaukia huko huko, na yakikauka yanaacha chumvi. Mnaijua hiyo habari, maziwa yenu ya mjini ndivyo yalivyo." Madereva watatu waliitikia kwa vichwa. Wa kwangu aliniuliza kama akitoa mchanga pale ataruhusiwa kuuza.

Ilongero tuliingia kula. Mama mwenye chakula alituona tuna nyundo, kamba na daftari, akauliza tunapima barabara. Kiula akasema hapana, tunajifunza ardhi. Alivyolisema hilo neno ardhi, mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai kwenye meza ya jirani alisimama. Alitufuata mpaka nje, akitaka kujua kama nyumba yake itavunjwa, na kama itawekewa alama ya rangi, iwekwe upande ambao mkewe haoni. Tulimweleza kwa Kiswahili, Mama Ntandu akamweleza kwa Kinyaturu. Hakuridhika. Ikabidi twende tukaione.

Mama Ntandu aliizunguka nyumba mara moja. "Haivunjwi na mtu, baba," alisema. "Ila imekaa kwenye kichanga. Mvua zikija, tazama kona ya kulia." Yule mzee akaenda kona ya kulia. Tulipoondoka alikuwa bado amechuchumaa pale, anatazama, na mbingu haina hata wingu.

Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda. Nyumbani kwetu babu aliletwa huku na biashara kutoka pwani, na wali haukuwahi kutuacha. Mlenda nimekuwa nikiuona ukiliwa na watu wengine. Unavutika. Niliuvuta hadi usawa wa bega, bado haujakatika, na watu wa meza zote wameacha mazungumzo. Mwenye chakula akaja akanionyesha kwa mkono wake namna ya kuukata kwa tonge. Baada ya hapo nilikula vizuri.

Mgori na msituni

Siku ya pili tulifika Mgori na kuingia msituni kwa miguu. Kiula alikuwa amevaa kofia ya kaki na shati la kaki, alivyonunua makusudi. Alikuwa akitaja miti kwa majina ya kitaalamu, na Mama Ntandu akimwuliza kila mti unakaa udongo gani na mizizi yake inafuata nini. Hapo Kiula akaanza kutazama chini ya miti badala ya juu, nami nikasahau habari ya ile ishirini mfululizo.

Mbele kidogo tulisikia vishindo, tukaona migongo miwili ikikimbilia vichakani. Walikuwa wachoma mkaa. Wameona kaki, wakadhani ni bwana misitu. Pale walipokuwa wameketi pamebaki viazi vitamu vya kuchemsha, bado vya moto, juu ya jani.

Kiula akasema viazi vikipoa havifai. Mama Ntandu akasema chakula cha mtu hakiguswi, wala hatuondoki, maana tukiondoka nyani watakimaliza. Basi tukakaa kulinda viazi. Wao wamejificha wakisubiri tuondoke, sisi tumekaa tukisubiri warudi. Ilipita saa nzima. Mwishowe Mama Ntandu alisimama, akasema maneno marefu kwa Kinyaturu, akielekea kila upande.

"Anasemaje?" nikamnong'oneza Kiula, ambaye mjini aliniambia anakijua Kinyaturu. Kiula ni Mnyiramba.

"Anawaomba radhi," alisema Kiula.

Baadaye Mama Ntandu alituambia alichosema: kwamba hawa wawili ni walimu, hawawezi kumkamata hata kuku.

Wakatoka. Tulikula wote. Yule mkubwa kati yao, mtu wa miaka hamsini hivi, alituonyesha visiki vya mninga bila kuona haya wala kujivunia, akatuonyesha na korongo ambalo miaka ya nyuma lilikuwa na maji mpaka mwisho wa kiangazi. Mama Ntandu akamwuliza anaona limekaukaje. Alitazama visiki, akatazama korongo, akasema, "Mama, mimi naliona kila siku."

Aliposikia tunashuka ukingoni akasema huko chini yuko binamu yake, Yohana, anachimba kisima cha kijiji, mwezi wa pili sasa, na wamekutana na jabali. Tumsalimie.

Kushuka ukingo

Ukingoni tulifika siku ya tatu asubuhi. Nilisimama nikatafuta ule mstari ninaouchora: wima, umenyooka, mishale miwili pembeni. Haukuwepo. Ardhi ilikuwa imevunjika ngazi ngazi, ngazi nyingine imelala ubavu, juu yake miti, mbuzi, na moshi wa nyumba ya mtu. Chini tambarare inaondoka mpaka inapotea kwenye vumbi. Nilikaa juu ya jiwe. Mama Ntandu alinipa muda, kisha akaja.

"Ndivyo unavyoufundisha?"

"Siyo hivi, mama."

"Utafanyaje sasa?"

Nikamwambia sijui. Akasema hilo ni jibu la kwanza nililompa bila kitabu.

Theluthi mbili ya njia ya kushuka, changarawe ziliteleza chini ya mguu wake, akaanguka kwa kukaa. Kifundo kilivimba mbele ya macho yetu. Alikitazama kwa kioo cha kukuzia, sijui alitafuta nini, akasema hakijavunjika. Kiula akambeba mgongoni. Kwa mwendo wa saa moja na nusu Mama Ntandu aliendelea kutufundisha akiwa juu ya mgongo wa Kiula, akituambia tusimame hapa, tutazame pale. Kiula ndiye pekee aliyeomba masomo yapungue.

Jina la kijiji tulichofikia sitalitaja. Mtaona baadaye kwamba ni watu wazuri, ila siku ile walikuwa na sababu zao. Wenyeji walimweka Mama Ntandu kwenye uwanja wa nyumba ya mama yake Yohana, mguu kwenye beseni la maji. Maji yenyewe niliyaona. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yalichotwa mtoni, mwendo wa saa moja kwenda, ambako wamechimba mashimo kwenye mchanga na kuyagombania na ng'ombe. Walimpa beseni zima.

Kisimani

Mimi na Kiula tukaenda kupeleka salamu. Kisima kilikuwa bondeni, kwenye udongo mweusi, karibu na njia. Kamati ilipachagua hapo kwa sababu ni katikati ya kitongoji na hakuna atakayelalamika. Mwenyekiti wa kisima alikuwa Mzee Mathayo, mtu mpole, mwenye kanzu fupi ya kazi na kofia ya sufi juani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Mmefuata nini?"

Kiula aliona ni heshima ajibu kwa Kinyaturu. Alijibu. Wanaume sita waliokuwa pale wakaacha kazi. Nilikuja kujua kwamba alichosema, au walichosikia, ni kwamba tumekuja kuchukua mawe.

Mzee Mathayo akatazama nyundo mkononi mwangu. Akasema kwa Kiswahili safi kwamba waliwahi kuja watu wengine na nyundo kama hiyo, wakajaza mifuko, na hakuna aliyerudi kuwaambia ndani ya mifuko mlikuwa na nini. Nikamweleza tulivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," kwa namna ya mtu ambaye hajaamini lakini hana haja ya ugomvi.

Yohana alikuwa chini, futi kama ishirini na tano, anapasua jabali. Walikuwa wakiwasha moto juu ya mwamba usiku, asubuhi wanaumwagia maji kidogo, unapasuka, kisha anashuka na mtalimbo. Nikainama kumpa salamu za binamu yake. Akaitikia, akaendelea kugonga.

Hapo ndipo niliposikia. Alipogonga chini ya miguu yake, sauti ilikuwa kali. Alipogonga ukutani, upande wa mashariki, ilikuwa ya mlango wa chumba kisicho na vitu. Akagonga tena chini, kali. Tena ukutani, tupu. Nikamtazama Kiula. Kiula alikuwa ameshanitazama mimi.

Mama Ntandu alikuwa mbali, na mguu kwenye beseni. Nilimwambia Mzee Mathayo kwamba ukuta ule umeachia na yule kijana wake atoke.

"Mwalimu," alisema, "umewahi kuchimba kisima?"

"Hapana."

"Umewahi kuingia kwenye kisima?"

"Hapana."

"Na jiwe hili umelisikia tu kutoka hapa juu?"

"Ndiyo."

Mtu mmoja nyuma yake akasema wazi kwamba tunataka shimo libaki tupu tuingie wenyewe. Mzee Mathayo akafikiri. "Basi ingia," aliniambia. "Yohana atoke, wewe ushuke ukagonge. Ukikuta kitu utuambie."

Nilikuwa nimetaka Yohana atoke, naye akatoka. Hilo nilikuwa nimelipata. Lililobaki sikulipenda. Nilifungwa kamba kiunoni na chini ya mapaja, nikateremshwa na watu wanne. Kisima hakikutengenezwa kwa mtu wa tumbo langu. Suruali ya kijivu ilibaki sehemu sehemu kwenye ukuta, Jirani, jibu lako ndilo hilo.

Chini kulikuwa na joto na harufu ya moshi. Niligonga sakafu: zima. Niligonga magharibi: zima. Kaskazini, zima. Nikageuka mashariki, nikagonga kidogo, kama unavyobisha hodi kwa mtu mgonjwa. Ukuta ulijibu kwa ile sauti, kutoka usawa wa goti langu mpaka juu ya kichwa. Kisha mchanga mwembamba ukaanza kushuka kwenye ufa ambao sikuwa nimeuona, unashuka bila kukatika, unanijaa kwenye kiatu. Nilitaka kupiga kelele nikaogopa sauti yangu mwenyewe. Nilisema kwa upole, "Nivuteni." Hawakusikia. Nikasema tena vilevile. Nikavuta kamba.

Walinivuta polepole kwa sababu ya uzito. Njia nzima uso wangu ulikuwa umeelekea ule ukuta.

Nilipofika juu niliwaambia. Tukasubiri wote tukitazama shimo. Halikutokea lolote. Dakika zikapita. Yule aliyesema tunataka shimo libaki tupu akacheka kidogo. Yohana, ambaye alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mnyamavu, akachukua kamba aanze kujifunga.

Nikaikalia. Sikuwa na mpango mwingine. Nilikalia rundo la kamba, mtu mzima, mwalimu, mgeni, nikiwa na suruali iliyochanika, nikasema sinyanyuki. Mzee Mathayo akaniambia, "Mwalimu, hii ni kamba ya kijiji." Nikasema najua, na samahani, shikamoo. Aliitikia marahaba, kwa mazoea. Kiula akaja akakaa upande wa pili wa rundo. Wakashauriana kama watunyanyue. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumshika mwalimu.

Wakati wanashauriana wanawake walileta chakula, ugali wa mtama na mlenda. Sasa hapo hata aliyekasirika lazima amkaribishe mgeni. Walituzunguka, tukanawa, tukala tukiwa tumekalia kamba, na hakuna aliyesema nasi zaidi ya "ongeza mboga." Mzee Mathayo alikuwa ananawa mara ya pili kisima kiliponguruma. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama gunia la mahindi likitupwa kwenye ghala, kisha vumbi likatoka mdomoni mwa shimo, likasimama, likaondoka na upepo.

Yohana alikwenda akachungulia. Alikaa pale muda. Akarudi, akakaa mahali pake, akakata tonge, lakini hakulipeleka mdomoni. Mama yake alikuwa ndiye aliyeleta mboga. Alikwenda kuchungulia naye. Aliporudi alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama unavyomshika mtoto mwenye homa, akaniachia, akakusanya vyombo.

Kutoka bondeni hadi penye kokoto

Jioni hiyo, jua bado liko juu, kamati nzima ilikuja uwanjani kwa Mama Ntandu. Mzee Mathayo alisema maneno machache. Kisima kimezikwa. Kwa kuwa wanafunzi wake wameweza kusikia hilo, yeye aseme maji yako wapi.

Mama Ntandu akatoa mguu kwenye beseni. "Mimi siku hizi nafundisha tu," alisema. "Kuonyesha niliacha."

"Kwa nini, mama?" aliuliza Yohana.

Alitueleza, na hata sisi hatukuwa tumesikia. Akiwa kazini, kijiji kimoja mbali na pale kilimwomba aonyeshe. Akaonyesha bondeni, karibu na watu, kwa sababu ndipo walipopataka na maji yalikuwepo. Walichimba wiki sita kwa mikono. Maji yalitoka mengi, na yalikuwa ya chumvi hata mbuzi waliyakataa. Hakuna aliyemlaumu. Alisema hilo ndilo lililomfanya asirudi tena kule kuyatazama.

Yohana akasema, "Mama, mimi leo nimeishi. Sitakulaumu na mimi. Ila hawa hawatakulaumu kwa sababu ya adabu, mimi sitakulaumu kwa sababu nitachimba mwenyewe."

Mama Ntandu akamtazama. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu. Wewe ungechimba wapi?"

Nikaonyesha mti mkubwa kuliko yote, kule chini kwenye udongo mweusi, umestawi kweli kweli.

"Ndivyo nilivyofanya mimi," alisema. "Huko ndiko chumvi inakolala."

Walimpandisha kwenye baiskeli, Kiula akishika usukani, Yohana akisukuma. Alituelekeza juu, mguuni mwa mteremko, ambako udongo ni kokoto za granaiti iliyooza. Pale palikuwa na mikuyu minne midogo, yenye majani mabichi katikati ya kiangazi, imejipanga mstari mmoja kutoka kwenye ufa wa mlimani. Alishuka, akapiga magoti na mguu wake ule, akachimba kwa kisu, akanusa, akaonja kokoto. Akakaa.

"Nadhani ni hapa," alisema. "Mwamba umepasuka kufuata hii miti, na maji ya mlimani yanapita kwenye huo ufa kabla hayajafika kwenye chumvi. Nadhani. Sijui."

Mzee Mathayo akasema ni mbali na nyumba yake kuliko kile cha kwanza. Akafikiri kidogo, akasema kutembea ataweza. Akapigilia kigingi.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwa lori la alizeti, sisi juu ya magunia, Mama Ntandu mbele na dereva, ambaye alipofika mjini alikuwa anajua kutofautisha kwazi, zile chembe za kioo kichafu, na felspa, zile za waridi, na hakufurahi. Hatukuzungumza habari ya kigingi. Shuleni nilifuta mchoro wangu wa Bonde la Ufa, nikachora mwingine wenye ngazi zilizolala ubavu. Wanafunzi wamesema wa zamani ulikuwa rahisi kukariri.

Jana, ikiwa ni wiki ya tano, niliitwa getini. Alikuwa Yohana, amevaa shati la kwenda kanisani, ameshika kidumu cha lita tatu alichokizungushia kitenge. Alikinyanyua kidogo nikione. Nikampitia Kiula darasani, tukaenda wote watatu hadi kwa Mama Ntandu.

Tulimkuta barazani anabangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaona kidumu. Mikono ikasimama kwenye ungo.

"Futi thelathini na moja," alisema Yohana. "Bado yana mchanga. Sijayaonja, wala mtu yeyote hajaonja. Wamesema aanze mama."

Mama Ntandu akaingia ndani mwenyewe kuleta kikombe, akachelewa. Alirudi na cha bati. Yohana akammiminia. Alikitazama, akakizungusha, mchanga ukatulia chini. Akanywa funda moja akalishikilia mdomoni, amefumba macho, muda mrefu mpaka Kiula akaanza kuhesabu vidole vyake. Akameza. Akanywa lingine. Akamaliza kikombe, akamnyooshea Yohana, Yohana akamwongeza, akanywa hicho nacho bila kumkaribisha mtu.

"Kijengeeni kisima ukuta mdomoni, usawa wa kiuno," alisema alipomaliza, "na mifugo inywee mbali, kwenye birika. Mmesikia?"

"Ndiyo, mama."

Akasogeza ungo wa karanga pembeni, akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Tulimsikia akitafuta kitu chini ya kitanda. Akatoa kichwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi, akamwuliza Yohana anarudi na gari la saa ngapi, na kama kuna nafasi ya mtu mmoja.